Mtoto wa Dada Hashiki Mpira

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde 31. Mama aliitazama mara nne bila kusema neno, simu ameishika mbali na uso kama anavyoshika kila kitu siku hizi, halafu akanirudishia na kuuliza:

"Mbona wanamwonea?"

Tulikuwa uani kwake, Chogo, wilayani Handeni, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi mwaka jana. Nilikuwa nimetoka Korogwe alfajiri na basi la kwanza, nikashuka Handeni mjini, nikamalizia safari kwa bodaboda. Kabla hata sijapewa maji ya kunywa nikatoa simu, maana video ilikuwa imeingia usiku na nilijua ataifurahia. Ni mjukuu wake huyo, mtoto wa dada yangu, ana miaka 16 na anaishi Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Shule yao hucheza Ijumaa saa moja jioni, ambayo kwetu huwa ni saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Dada hurekodi akiwa jukwaani, anatuma, anakwenda kulala.

Mama hakufurahi. Kilichoonekana kwenye video ni hiki: vijana waliovaa makofia magumu wamejipanga mistari miwili, wanatazamana, wameinama kama watu waliodondosha sindano. Wa kwetu yuko katikati kabisa, mkono mmoja chini. Mpira unatolewa. Hapohapo vijana wawili wanamrukia yeye peke yake, mmoja kifuani, mwingine ubavuni, wanasukumana, wanaanguka, filimbi inalia. Wanajipanga tena. Wawili wanamrukia tena. Mpira uko kwingine, kaushika mtu mwingine, na anayemwangusha huyo mtu ni mwingine pia. Sekunde zote 31 mtoto wetu hakuugusa mpira hata kwa kidole.

"Wawili kwa mmoja," Mama akasema. "Na refa anatazama tu. Mwambie dada yako amtoe huko. Mtoto hakuzaliwa awe mkeka wa watu."

Kaka yangu alikuwa pembeni ananoa panga. Hakuinua kichwa. "Mwalimu si huyo hapo," alisema, "atatueleza." Mwalimu ni mimi. Nafundisha Kiswahili sekondari huko Korogwe, na nyumbani wameshaamua kwamba mtu anayejua vitabu basi anajua kila kitu kinachotoka ng'ambo, kuanzia dawa hadi rimoti. Nikasema nitauliza. Ndiyo mwanzo wa habari hii.

*

Inabidi nieleze kidogo jinsi bibi wa Chogo alivyopata mjukuu wa Maine. Wasomaji wa Tanga mnaijua hadithi hii, wengine huenda hamjawahi kuisikia.

Sisi ni Wazigua. Kule Somalia tulikozaliwa tulijiita Wazigula, na majirani walituita Wamushunguli. Masimulizi ya wazee yanasema babu zetu walitoka hukuhuku, nyika za Handeni na bonde la Pangani. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 walishuka pwani kutafuta chakula, wakapakiwa majahazini kwa ahadi ya kazi, wakauzwa kwenye mashamba ya pwani ya Benadir. Baadaye baadhi yao walitoroka wakiongozwa na mwanamke, Wanakucha, wakitaka kurudi kwao kwa miguu. Walifika Mto Juba wakaishia hapo, msituni, wakalima. Wakakaa zaidi ya miaka 100, na lugha hawakuiacha. Vita vilipoanza 1991, watu wenye bunduki walikuja kuchukua mahindi, kisha wakaja tena kuchukua kila kitu. Sisi tulikuwa wakulima, hatukuwa na ukoo wenye silaha wa kututetea.

Nilikuwa na miaka sita. Siku tuliyotawanyika, dada, aliyekuwa na miaka 10, alikuwa kwa shangazi, na shangazi akakimbilia upande wa Kenya, Dadaab. Mama, kaka na mimi tukaishia kwenye jahazi la kuelekea kusini, na mwisho wa safari tukawa kambi ya Mkuyu, hapahapa Handeni. Mama husimulia kwamba siku za mwanzo alikwenda kuomba moto kwa mama mmoja mwenyeji. Akaomba kwa Kizigua chetu. Yule mama akawaita majirani waje wasikie: mkimbizi anaongea kama marehemu bibi yake.

Baadaye tulihamishiwa Chogo, tukapata mashamba, na wengi wetu serikali ikatupa uraia. Dada alibaki kambini Kenya mpaka Marekani ilipokubali kuwachukua Wabantu wa Somalia wapatao 12,000. Akapelekwa Kakuma, halafu mwaka 2004 akapanda ndege. Mama hajamwona dada uso kwa uso tangu siku ile ya kutawanyika. Mjukuu ndiyo kabisa, anamjua kwenye kioo cha simu tu. Kwa hiyo mkisikia mtu kaitazama video ya sekunde 31 mara nne, msishangae.

*

Kuhusu Lewiston nilikuwa nimeshasoma vitabu viwili. Cha kwanza ni *Making Refuge* cha Catherine Besteman, kilichotoka 2016. Huyu ni mwanaanthropolojia aliyeishi kijiji kimoja cha bonde la Juba mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla ya vita. Karibu miaka 20 baadaye akakutana tena na watu wa kijiji hicho, Lewiston, katika jimbo analofundisha. Cha pili ni *One Goal* cha Amy Bass, cha 2018, kuhusu timu ya soka ya sekondari ya mji huo iliyochukua ubingwa wa jimbo mwaka 2015 ikiwa imejaa watoto wa wakimbizi. Hicho nilikisoma kwa kelele, maana soka tunaijua, ukisoma unaona kabisa krosi inavyokuja.

Mpwa wangu yeye hakuchagua soka. "Anko, mimi mzito," aliniambia Jumapili ile nilipompigia. "Soka wanataka mtu wa kukimbia. Huku wanataka mtu wa kukaa."

Kiswahili chake kina Kizigula cha mama yake, kina Kikongo cha majirani zake, na kina Kiingereza kila anapokwama. Nilikuwa chumbani kwangu Manundu na daftari la mazoezi mbele yangu, nachora anachosema. Nitawapa mchoro huo kwa maneno, kwa sababu bila huo hamtaona nilichokuja kukiona mimi.

Kila timu ina watu 11. Wanaoshambulia wana nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10, yaani kama mita tisa. Wakifaulu, wanaanza kuhesabu upya. Kuna njia mbili za kusogeza: kuurusha mpira kwa juu, au kumpa mtu abebe na kukimbia. Mbele ya mkimbiaji wanasimama mabwana watano wakubwa wa kumfungulia njia: senta katikati, gadi wawili kushoto na kulia kwake, halafu tako wawili nje ya hao. Kati ya mtu na mwenzake kuna mwanya, na mianya imepewa herufi. A ni pande mbili za senta, B ni kati ya gadi na tako, C ni nje ya tako. Mkimbiaji lazima apite mwanya mmojawapo. Basi kuzuia mbio ni hesabu ya mianya, kila mwanya uwe na mwenyewe.

Timu ya mpwa wangu huweka walinzi watatu tu wakubwa mbele, na wanne wepesi nyuma yao. Yeye ndiye wa katikati. Anainama pua kwa pua na senta, na mianya ya A yote miwili ni yake. Hatakiwi kuchagua upande mapema. Anamshika senta kifuani, mikono imenyooka, anamweka mbali kama unavyomshika mbuzi dume anayetaka kupiga pembe, huku anachungulia mkimbiaji anaelekea wapi. Akishajua ndipo anajitupa upande huo. Wapinzani wakiona senta peke yake hamwezi, wanamwongezea gadi.

"Hapo ndipo wawili kwa mmoja," nikasema.

"Hapo ndipo nimeshinda, Anko."

Nikamwambia arudie. Akarudia taratibu, kama mimi ninavyorudia ngeli kwa Kidato cha Kwanza. Wale wakubwa wako watano. Wakitumia wawili kwake, kuna mlinzi wa nyuma ambaye hana wa kumzuia. Huyo anakuja mbio, anamkuta mkimbiaji mkavu, anamwangusha. Uwanja unapiga kelele. Spika inatangaza jina la aliyeangusha.

"Na wewe?"

"Mimi niko chini ya watu."

"Mwaka huu wamekutangaza mara ngapi?"

"Mara mbili," akasema. "Moja walikosea jina."

*

Nikaanza kusoma usiku, bando langu likienda kwenye mambo ambayo hakuna mwalimu wa Kiswahili aliyeajiriwa kuyajua. Nikakuta kwamba tatizo la Mama, wawili kwa mmoja, makocha wameliwaza kwa miaka mingi. Maarufu ni mpango uitwao 46 wa Chicago Bears, kazi ya kocha wao wa ulinzi Buddy Ryan. Jina lilitokana na namba ya jezi ya Doug Plank, mlinzi wa nyuma, ambaye timu ilipofika kileleni mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Ryan aliwapanga wakubwa watatu wa ndani mbele ya senta na gadi wawili, mmoja mbele ya kila mmoja. Ukishafanya hivyo, senta ana wake, gadi ana wake, hakuna wa kwenda kumsaidia jirani. Kuzunguka hao akasogeza wengine mpaka watu wanane wakawa karibu na mstari.

Tarehe 26 Januari 1986, fainali ya Super Bowl mjini New Orleans, New England Patriots walijaribu kukimbiza mpira kwenye ukuta huo mara 11. Mchezo mzima wakapata yadi saba. Niliupima umbali huo Chogo: kutoka mlangoni kwa Mama hufiki hata kwenye mwembe. Bears walishinda 46 kwa 10.

Siku hiyohiyo kocha mkuu wa Bears alimchukua William Perry, mmoja wa wale wakubwa wa ulinzi, mtu aliyeitwa Friji kwa mwili wake, akampa mpira. Perry akaanguka nao ndani, akafunga. Mpwa wangu alinitumia kipande hicho bila maneno, ila uso mmoja wa kucheka. Alikitafuta wapi kitu kilichotokea miaka zaidi ya 20 kabla hajazaliwa? Nadhani kila mtu wa katikati anakijua.

Nikatafuta pia kama kuna wa pande zetu aliyewahi kusimama kwenye mstari ule, nikampata Mathias Kiwanuka. Kazaliwa Indianapolis mwaka 1983. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, baadaye Jaji Mkuu wakati wa Idi Amin, yule aliyetolewa mahakamani Kampala mwezi Septemba 1972 na hakurudi tena. Mjukuu alichaguliwa na New York Giants mwaka 2006 kucheza pembeni ya mstari wa ulinzi. Msimu wake wa kwanza walikwenda kucheza na Tennessee Titans, na hadi robo ya mwisho walikuwa wanaongoza 21 kwa 0. Titans wakaanza kurudi. Zikiwa zimebaki dakika chache, Kiwanuka akamkamata Vince Young, mrushaji wa Titans, akamzungushia mikono kabisa. Akadhani mpira umeshatupwa. Akaogopa kuadhibiwa kwa kumwangusha mtu asiye na mpira, akamwachia. Young alikuwa nao bado. Akakimbia, na Titans wakashinda 24 kwa 21. Miaka sita haikutimia, Februari 2012, Kiwanuka alishinda Super Bowl na Giants, tena Indianapolis alikozaliwa.

Nikampelekea mpwa wangu habari hiyo nikidhani nimemletea zawadi. Akajibu kwa sauti:

"Anko, huyo watu wanamkumbuka kwa siku aliyoachia. Mimi nikishika, nani anajua?"

Hapo nikashtuka. Nikampigia dada, na dada, baada ya kuzungukazunguka na habari za baridi, akanieleza. Mtoto anataka kuacha. Anasema hachezi, anasukumwa tu. Kocha anamsifia mazoezini, lakini shuleni hakuna anayejua kazi yake, na wenzake wa soka wanamtania. Ila hataki kuacha kwa uamuzi wake, ataonekana mwoga. "Anasubiri Bibi aseme," dada akasema. "Bibi akisema aache, ataacha kesho. Kwa hiyo angalia unavyomweleza Mama."

Sikuwa na upande. Nilishasoma pia habari za vichwa: jinsi kugongana kwa miaka mingi, hata kule kusikomfanya mtu azimie, kunavyoweza kuharibu ubongo, na kwamba wanaokaa mstari wa mbele hugongana karibu kila mpira unapotolewa. Nilijiambia nitamweleza Mama vyote viwili, sitaficha kitu.

*

Wiki tatu baadaye nikarudi Chogo, Jumamosi. Nikatandika mkeka, nikaomba punje za mahindi na maharage. Mahindi wanaoshambulia, maharage wanaozuia. Mama akakaa, watoto wa kaka wakajaa, kaka mwenyewe akasimama nyuma yetu na panga lake.

"Huyu harage wa katikati ndiye wa kwetu," nikaanza. "Yuko pua kwa pua na senta. Kazi yake inaitwa nozi tako."

"Pua na tako?" Mama akauliza.

Watoto waliangukiana. Kaka alicheka mpaka akaweka panga chini. "Na katikati hapo kote wamepaacha?" akasema, na hata Mama akacheka, akajifuta macho na upande wa kanga.

Niliona neno hilo halifai kupeleka ujumbe. Nikawaza watangazaji wetu wa mpira, wale wanaosema "beki kisiki" mtu akikataa kupitika. Nikasema: "Ni kisiki, Mama. Kazi yake ni kuwa kisiki."

"Kisiki nakijua." Alikijua kweli. Shamba letu la Chogo tulipewa likiwa pori, na vilivyotutesa zaidi ya miti ni visiki. "Kisiki ukikipiga teke unaumia wewe."

Nikaendelea. Nikamwonyesha mianya, herufi nikaziacha. Nikasogeza punje mbili zikalikalia harage letu, nikaonyesha harage la nyuma linavyopita bila mtu. Mama alifuata kwa kidole. Kaka akainama juu ya bega langu, akachukua harage moja la pembeni, akalisogeza katikati.

"Huyu akiona mpira unakwenda kule, akaufuata?"

"Mwanya wake unabaki wazi."

"Na mwenye mpira anageuka."

"Ndiyo. Wanaomfukuza wote wanapitwa."

"Nguruwe," kaka akasema.

Akamweleza Mama kwa Kizigua, na mimi nikawa msikilizaji. Shamba la mihogo lina uzio wa miiba, na uzio una mapengo ambayo hayazibiki, kubwa liko upande wa korongo. Usiku nguruwe pori wanakuja wengi, lakini hawaingii pamoja. Mmoja anavunja vijiti juu kule, karibu na njia. Ukikurupuka na tochi kumfuata, wenzake wanapita korongoni ulikotoka. Mlinzi mzuri anasikia kelele na anakaa palepale. Asubuhi watu wakiona shamba zima hawasemi chochote, kwa sababu hakuna kilichotokea.

"Kumbe ni kulinda," Mama akasema. Akanyamaza kidogo. "Na akichoka?"

Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa na yadi saba za mwaka 1986, nilikuwa na habari za Kiwanuka na za vichwa, lakini sikujua mtoto akichoka inakuwaje. Nikarekodi swali la Mama kwa sauti yake mwenyewe, kwa Kizigua, nikatuma. Kule ilikuwa asubuhi. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa.

"Tunabadilishana, Bibi. Tuko watatu wa nafasi hii. Kocha ananitoa kila baada ya mara tatu, nne. Nakunywa maji, napumua, narudi. Hakuna anayekaa mchezo mzima."

Mama akaomba kusikia tena. Halafu akanyoosha miguu kwenye mkeka.

"Kama wanabadilishana, hawamwonei," akasema. "Mwambie acheze. Na kichwa kikimuuma aseme, asijifanye dume. Siku akisema basi, iwe basi, asinisubiri mimi."

Kisha akageuka kumtazama kaka. Hakusema neno. Alimtazama tu, kwa muda, kama mtu anayehesabu.

Na mimi nikahesabu. Tulipofika Mkuyu kaka alikuwa na miaka 14. Shule ya kambini ilikuwepo, na mmoja wetu ilibidi akalime vibarua kwenye mashamba ya wenyeji ili posho ya kambi ifike mwisho wa mwezi. Sikumbuki kikao chochote. Nakumbuka nilipewa daftari, na yeye akapewa jembe. Nikafaulu, nikaenda sekondari, nikaenda chuo, nikapangiwa Korogwe, na kila nilipofika hatua mpya watu wa Chogo walipiga vigelegele wakataja jina langu. Yeye amebaki na Mama, na shamba, na korongo. Watoto wake wanasoma, hataki wakeshe, kwa hiyo anakesha mwenyewe. Mama akiugua usiku ni yeye, mimi napigiwa asubuhi kuambiwa ameshapata nafuu. Nimeandika kwenye blogu hii mara nyingi kuhusu Mama, kuhusu lugha yetu, kuhusu Mto Juba. Nimepekua. Kaka hayumo popote. Nimewahi kumtaja mara moja, katika sentensi iliyoanza na "sisi".

"Leo nitakesha mimi," nikasema.

"Wewe?" Hakuwa anakejeli. Alishangaa kweli.

Akanipa tochi, koti lake la mtumba na debe la kugonga. Akanisindikiza mpaka kwenye dungu lililo mbele ya pengo la korongo, akanionyesha pa kuweka miguu. "Ukisikia kitu huko juu, kaa," akasema. "Gonga debe ukiwa hapahapa. Usitoke pengoni." Nikamwambia nimeelewa, si ndiyo niliyofundisha mchana kutwa kwa maharage. Akaenda kulala.

Kukesha si kama kusahihisha mitihani. Mpaka saa sita nilikuwa nafurahia nyota. Saa saba baridi ikaingia kwenye viatu. Kuanzia saa nane kila kijani kikawa nguruwe. Nikamwaza mpwa wangu, kwamba wiki iliyopita saa kama hizi alikuwa ameinama chini ya taa, mkono mmoja kwenye nyasi. Saa tisa hivi, juu kule karibu na njia, kijiti kikavunjika. Nikagonga debe. Kimya. Kikavunjika kingine, kwa nguvu, na mguno kabisa nikausikia. Nikajiambia huyu nikimfukuza sasa hivi, atakimbia moja kwa moja, itakuwa imeisha. Nikashuka na tochi.

Kaka alikuja jua limeshatoka. Uso wake ulikuwa umevimba usingizi, sijui mara ya mwisho niliuona hivyo lini. Akatembea korongoni ameinama, anasoma udongo. Mistari miwili ya mihogo ilikuwa imefukuliwa, mashimo mabichi, maganda yametapakaa.

"Walipita hapa kwako," akasema.

"Nilitoka kidogo tu."

"Ee. Kidogo ndiyo wanachotaka."

Nikasubiri anilaumu, lakini alikuwa anapiga mwayo. Akaokota mihogo iliyobaki mizima akanipakatisha, tukarudi nyumbani kunywa uji. Njiani nikayapiga picha yale mashimo nikamtumia mpwa wangu, bila maelezo. Kule ilikuwa bado usiku, kumbe alikuwa macho. Akajibu hapohapo:

"Anko, uliacha mwanya 😂 Nani atakubadilisha?"

Nikampa kaka simu asome. Akaisoma mara mbili, akiwa ameishika mbali na uso kama Mama. Halafu akaniuliza Ijumaa huwa natoka kazini saa ngapi.